Maji Yakipungua

Mwezi uliopita tulisafisha tangi la maji ya mvua hapa nyumbani kwetu Newala. Mume wangu aliingia ndani na ufagio, mimi nikabaki nje kupokea ndoo. Ndoo ya tatu ilitoka na tope jeusi, laini kama uji, lililokuwa limelala chini ya maji kwa miaka bila kuguswa. Nilipoinama kulimwaga kwenye mgomba, harufu yake ikanipanda puani, nikabaki nimesimama. Mume wangu aliita mara mbili, "Mama Neema, ndoo!" Nilikuwa nimerudi Nanganga, mtoto wa miaka saba, nimezama matopeni mpaka magotini, namngoja mama yangu.

Wenzangu tuliolelewa huku juu mnajua maji yalivyokuwa. Mama zetu walitoka alfajiri ukungu ukiwa bado mzito, wakateremka mpaka kwenye chemchemi kule chini ya mteremko, wakapanda tena na ndoo kichwani jua likiwa limekwisha kuchomoza. Nyumbani kwetu uso ulinawiwa kwa kikombe kimoja, na maji yaliyodondoka yalikingwa kwenye karai, yakaoshea miguu, kisha yakamwagiwa mche wa mpapai. Kwangu mimi hakukuwa na kitu chema kuliko maji. Kwa hiyo niliposikia wanawake uani wakinong'onezana kwamba Mama Dorotea, yaani mama yangu, amejaa maji, sikuona ubaya wowote. Nilimwona mama tu ameanza kunenepa usoni, na ndala zake hazimwingii. Jioni nilikuwa nikimbonyeza muundi kwa kidole, shimo likabaki pale pale, nami nikicheka na kubonyeza tena. Yeye naye alicheka. Leo nikifikiria kicheko kile, najua alicheka kwa ajili yangu tu, mtoto wake wa pekee.

Baba alimpeleka hospitali Ndanda. Mimi alinishusha Nanganga kwa mdogo wake mama. "Utakaa kwa mama yako mdogo siku chache," aliniambia, akanipa mfuko wenye magauni yangu mawili. Siku chache zikawa miezi mitatu.

Mama mdogo alikuwa mjane, mwembamba, mwepesi wa kutembea. Watu walimwita Mama Yohana, ingawa Yohana mwenyewe alikuwa akisoma Lulindi kwa babu yake na sikumwona kipindi chote kile. Alinipenda, hilo sina shaka nalo. Alinilisha kwanza kabla hajala yeye, akaniogesha kila jioni, akaniombea kila nilipolala. Lakini mtoto kwake hakuwa mtu wa kuelezwa mambo. Ukimuuliza swali zito alianza kuimba tenzi za kanisani kwa sauti ya chini, na ukijua hivyo, uliacha kuuliza.

Siku ya pili alinichukua kwenda shambani. Tulipita kwenye mihogo, tukateremka kijia chembamba, matete yakatufunika, na mara matete yakaisha. Mbele yangu kulikuwa na maji. Wenyeji waliita bwawani, ingawa hasa kilikuwa kinamasi kipana kilichotanda kando ya mto Lukuledi, mto ule ule unaokwenda kuishia baharini Lindi. Masika ilikuwa imekijaza mpaka kwenye mashina ya miti. Juu ya maji yalitanda majani mapana ya yungiyungi, maua yake ya zambarau yamefunguka. Palikuwa na ndege weupe wengi wamesimama kimya, na hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye ndoo.

"Mama mdogo, maji haya ya nani?"

"Ya nani tena? Ya Mungu."

"Nani anayachota?"

Alicheka mpaka akaweka jembe chini. "Mtoto wa Newala wewe! Hayachotwi haya, yana ruba. Haya ya samaki na ndege."

Sikumwelewa. Niliona ni ubadhirifu mkubwa, maji yote yale kupewa ndege.

Lakini nilizoea, na baada ya wiki chache nilikuwa sitaki kutoka. Mama mdogo alinifundisha kukanyaga kwenye vichaka vya ndago, ambapo mizizi inakubeba, na kupaogopa mahali palipo wazi penye maji yanayong'aa, kwa sababu hapo ndipo tope halina mwisho. Nilijifunza kutulia. Ukitulia vya kutosha, bwawa lilikusahau na kuanza kuishi. Kulikuwa na ndege mdogo wa rangi ya kahawia, vidole vyake virefu kama njiti za ufagio, aliyetembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Kulikuwa na mdiria, bluu tupu, aliyejitupa majini kutoka kwenye tete na kurudi na dagaa akimpigapiga. Kenge walijianika juu ya gogo. Asubuhi nyingine maji yalijikunja katikati, kikatokea kichwa cha fisi maji, kikatutazama na kuzama tena. Mwari, ndege wakubwa wenye mfuko mdomoni, walifika kwa makundi, wanatua kwa kishindo kama magunia yaliyoshushwa garini, kisha wanaogelea wamejipanga mstari mmoja wakiwafukuza samaki kwenye kina kifupi. Na chini ya vyote hivyo ilikuwepo harufu ile ya tope, yenye majani yaliyooza na samaki na kitu kingine kitamu nisichoweza kukitaja mpaka leo.

Upande wa chini wa bwawa palikuwa na tuta refu la udongo, limeshindiliwa na kupandwa majani. Tuta lilizuia maji, na nyuma yake kulikuwa na majaruba ya mpunga. La mama mdogo lilikuwa dogo, lipo pembeni palipoinuka kidogo. Makubwa, yale ya katikati, yalikuwa ya Mama Zuhura.

Mama Zuhura alikuwa mtu mzima kumzidi mama mdogo, mwenye kifua kipana na sauti ya taratibu. Kila asubuhi mama mdogo alimwamkia, "Shikamoo, Mama Zuhura," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu, mmeamkaje?" na baada ya hapo wakanong'ona kidogo juu ya mgonjwa. Yeye ndiye aliyekuwa tayari kujibu maswali yangu ya ndege. Siku moja nilimuuliza mwari wanalala wapi.

"Hawa si wa hapa," alisema. "Hawa wana kwao Lindi, kwenye mikoko. Huku wanafuata maji. Maji yakiisha, wanaondoka zao."

"Na yule mdogo wa vidole virefu?"

"Huyo naye atatafuta pengine. Kiumbe mwenye mabawa hakosi pa kwenda."

Jibu lile lilinikaa kichwani, na baadaye lilinisaidia kufanya jambo baya nikiwa na moyo mweupe.

Nilikuwa nikimuuliza mama mdogo kila siku mama atarudi lini. Kwa kawaida alianza tenzi zake. Lakini jioni moja, alikuwa amechoka, anapepeta unga, akanijibu bila kuinua uso: "Maji yakipungua, mwanangu. Daktari amesema maji yakipungua tu, anarudi."

Jibu liliniingia vizuri kabisa. Kijia cha kwenda barabara kuu, kule magari ya Ndanda yanakopita, kilipita kando ya bwawa, na masika hiyo kilikuwa kimefunikwa na maji. Ilibidi watu wazunguke mbali kwa nyuma ya mashamba ya mikorosho. Mama alikuwa na miguu iliyovimba. Angezungukaje? Ni wazi alikuwa ng'ambo ya pili anangoja njia ifunguke. Hata nilishangaa kwa nini hawakuniambia mapema jambo jepesi kama hilo.

Kesho yake nilichukua fimbo, nikaikata alama kwa kisu cha jikoni, nikaichomeka matopeni kando ya kijia. Kila asubuhi nilikwenda kuitazama kabla ya kunywa uji. Mvua zilikuwa zimepungua. Maji yalishuka alama moja, halafu ya pili. Mpunga wa Mama Zuhura ulianza kuinamisha vichwa, bado ukiwa na ukijani ndani. Nilimwambia yule ndege wa vidole virefu, aliyekuwa ametaga mayai manne juu ya majani yanayoelea, mayai yenye michirizi kama yamechorwa kwa wino, kwamba afanye haraka. Nilimwonea huruma kidogo, lakini Mama Zuhura alikwisha sema.

Kisha mvua ilirudi. Ilinyesha siku tatu, mvua ya nje ya wakati wake, wazee wakatoka barazani kuitazama wakitikisa vichwa. Siku ya nne kulipokucha fimbo yangu haikuonekana. Nilisimama pale naitafuta kwa macho mpaka mama mdogo aliponiita. Nikakuta baba yangu amekaa barazani, viatu vimejaa matope.

Nilimrukia. Alinishika kichwa. Nikatumwa nimletee maji ya kunywa, na niliporudi na kikombe, nikamsikia akimwambia mama mdogo kwa sauti ndogo, "Maji yamerudi, Mama Yohana. Yamerudi kuliko mwanzo."

Mama mdogo alijifunika uso kwa kanga.

Sikuwa na haja ya kuelezwa. Si nilikuwa nimetoka kuona mwenyewe? Baba alikunywa maji, akala muhogo vipande viwili, akaondoka kurudi Ndanda kwa njia ile ya kuzunguka. Nilimtazama akipotea kwenye mikorosho, nikashangaa kwamba watu wazima wote wale, wenye nguvu na majembe, walikuwa wamekaa tu wakisikitika.

Jumapili mama mdogo alikwenda kanisani. Nilimdanganya tumbo linaniuma. Alinigusa paji la uso, akaniachia uji, akaniambia nisitoke. Aliposhika njia tu, nilichukua jembe dogo la palizi nikashuka bwawani.

Nilijua pa kuchimba, kwa maana nilikuwa nimemwona Mama Zuhura mara nyingi akifungua kijitundu kwenye tuta ili maji kidogo yaingie jarubani, kisha akikiziba kwa udongo na majani. Nilichimba hapo hapo. Udongo ulikuwa umeloa kwa mvua, laini, unakatika wenyewe. Mwanzo kilitoka kijito chembamba cha upana wa kiganja, kikateremka kwenye mpunga bila kelele. Nikachimba tena. Kijito kikaanza kula kingo zake chenyewe. Nilirudi nyuma hatua mbili, na kipande cha tuta cha urefu wa kitanda kikamomonyoka kwa mara moja.

Sijawahi kusikia sauti kama ile. Maji yalipita kwa mngurumo, yakibeba matete, yungiyungi, udongo, samaki wakirukaruka ndani yake. Ndege wote waliinuka pamoja, anga ikawa nyeupe. Nilikimbilia upande wa juu kutazama kando ya kijia, na ni kweli, ukingo wa maji ulikuwa ukirudi nyuma mbele ya macho yangu, ukiacha tope linalong'aa. Nilifurahi sana. Sitaki kuficha hilo. Nilisimama juu ya tuta nikaita kuelekea barabarani kwa nguvu zangu zote, "Mama! Njoo! Njia imefunguka!"

Aliyekuja alikuwa Mama Zuhura, anakimbia, kanga moja mwilini na nyingine kichwani, amesikia mngurumo akiwa nyumbani kwake. Nyuma yake walikuja majirani wawili watatu, na baadaye mama mdogo, bado ana Biblia mkononi. Walikuta mpunga wa katikati umelala wote, umelazwa upande mmoja kama nywele zilizochanwa, na tope limeanza kuufunika. Mama Zuhura alisimama, akatazama majaruba yake, akatazama jembe lililokuwa miguuni pangu.

"Nani kafanya?"

"Mimi."

"Kwa nini, mjukuu wangu?"

Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Nafikiri alikuwa anajizuia hasira. "Ili mama arudi," nilisema. "Mama mdogo alisema maji yakipungua mama atarudi. Na baba alisema yamerudi."

Mama mdogo alikuwa amekwisha kuinua mkono kunipiga. Mkono ukabaki juu. Akanitazama, akaangalia bwawa, kisha akakaa chini kwenye tope na gauni lake la kanisani, akaanza kulia kwa sauti. Mimi nikaona kwamba kuna kitu kikubwa nilichokosea, na kwamba si mpunga peke yake.

Mama Zuhura hakulia. Alivua kanga ya kichwani akajifunga kiunoni kwa nguvu. "Mama Yohana, inuka," alisema. "Huu mpunga ukilala mpaka jioni umeoza. Inuka tuvune."

"Haujakomaa, Mama Zuhura."

"Tutautwanga pepeta. Waiteni watu."

Watu waliitwa. Alasiri nzima wanawake walikata masuke kutoka kwenye tope, Waislamu na Wakristo, wengine wakiwa na nguo zile zile walizotoka nazo kanisani. Wanaume walishindilia tuta kwa magunia ya udongo. Hakuna aliyenipiga wala kunituma. Nilikaa ukingoni nikiwatazama. Ndege wa vidole virefu alikuwa akizunguka hewani juu ya mahali palipokuwa kiota chake, akilia sauti moja tu, na nilielewa kwamba kuwa na mabawa hakumsaidii, maana mayai hayana mabawa. Nilikuwa sijawahi kufikiria hivyo.

Siku mbili zilizofuata uani kwa Mama Zuhura palinukia mpunga mbichi ukikaangwa na kutwangwa. Ule uliookolewa haukufika hata nusu. Siku ya tatu asubuhi alifika kwetu na kapu dogo lililofunikwa kwa jani la mgomba. Nilijificha nyuma ya mlango. Nilimsikia akimwambia mama mdogo, "Mpeleke mtoto Ndanda akamwone mama yake. Na hii pepeta mpelekee mgonjwa, mwambie ni ya kwanza ya mwaka huu."

"Mama Zuhura, kwa yaliyotokea, mimi sina uso..."

"Mtoto hakuambiwa. Kwani wewe ungefanya nini?"

Tulikwenda siku ile ile. Wodini mama alikuwa amelala upande, shuka mpaka kifuani. Uso ulikuwa umevimba hata macho yakawa membamba, nikamtambua kwa sauti tu. Nilimsogelea miguuni, nikafunua shuka, nikambonyeza muundi kama tulivyozoea. Shimo likabaki. Nililitazama likikaa pale, na nikaelewa maji yaliyokuwa yakizungumzwa miezi yote ile ni maji gani. Sikucheka safari hii. Nilimfunika shuka taratibu.

Mama mdogo alimsimulia yote, kuanzia fimbo mpaka mpunga. Mama alisikiliza akitafuna pepeta punje moja moja. Mwisho akamwambia mdogo wake, bila hasira, "Felista, huyu ni mwanangu. Nikiumwa, anaumwa na yeye. Msimwache agundue peke yake." Kisha akanivuta karibu na kunieleza mwenyewe: mafigo yake yalikuwa yamechoka, hayatoi maji mwilini, wanampa dawa, dawa inaweza kufaulu au isifaulu. Alitumia maneno ya kawaida kabisa. Niliogopa sana, lakini nilikuwa nimemshika mkono.

Dawa ilifaulu. Alirudi nyumbani mwezi wa nane, mwembamba hata nguo zikampwaya, akala chakula kisicho na chumvi tangu siku hiyo. Msimu uliofuata tuliteremka wote wawili Nanganga kumsaidia Mama Zuhura kupandikiza mpunga, na kila mwaka baada ya hapo, mpaka mama aliposhindwa safari. Sehemu kubwa ya bwawa lile siku hizi imelimwa mbogamboga, na mwari nasikia hawatui tena isipokuwa mwaka wa mvua nyingi. Mama Zuhura amekwisha kutangulia, na mama mdogo pia.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa ugonjwa wa mama ulirudi. Wajomba walikaa kikao wakakubaliana nisiambiwe mpaka nimalize mitihani. Mama alikataa. Alinipigia simu chuoni, akaniita nyumbani, akaniketisha kitandani pake mchana kweupe, mlango wazi. "Dorotea," alisema, "safari hii siponi. Nimetaka uyasikie kwangu."

Nilimlilia pale pale, akiwa hai, na ni yeye mwenyewe aliyenifuta machozi.